Kwa Nini Yeye, na Si Ndugu Zake?

Leo salamu zangu ziwafikie nyinyi mlioko Rukanga na vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau: Jora, Makwasinyi, Bungule, Kiteghe, Ngambenyi. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mnaosuka vikapu huku redio iko pembeni, msiweke kazi chini kwa ajili yangu. Sukeni tu, tutazungumza taratibu.

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjausikia kwa jina, lakini huenda mmewahi kuuona kwa macho na mkadhani ni kitu kingine. Ni ugonjwa wa uboho kuacha kutengeneza damu. Uboho ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mfupa. Wengine wanaiita uloto. Ugonjwa wenyewe hospitalini unaitwa anemia ya aplastiki. Jina ni gumu, lakini mambo yake tutayaelewa pamoja.

Chukueni mfano huu. Mama mmoja wa Rukanga ana watoto sita, wote wa baba mmoja na mama mmoja. Wamekua wakila ugali wa sufuria moja, wakinywa maji yaleyale yatokayo mlimani, wakiumwa na mbu walewale. Kisha yule wa nne, msichana wa miaka 19, anaanza kuchoka. Akibeba ndoo moja tu ya maji anahema kama aliyepanda mlima. Akipiga mswaki ufizi unatoka damu. Mapajani kuna alama za damu kuvilia, na hakuna aliyempiga. Hedhi ikija haikatiki. Dispensari wanampa dawa ya malaria, kisha vidonge vya kuongeza damu, na wiki zinapita bila nafuu. Anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi, wanapima hemogramu nzima, na majibu yanatoka: chembe nyekundu ziko chini, chembe nyeupe ziko chini, na zile chembe za kugandisha damu ziko chini. Zote tatu kwa pamoja. Anatumwa mbele zaidi, Mombasa au Nairobi. Huko anachomwa sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, na daktari akitazama kwa darubini anakuta mahali palipotakiwa kujaa seli za kuzaa damu pamejaa mafuta.

Mama anarudi nyumbani na swali moja. Wanangu wote nimewalea sawa. Kwa nini yeye, na si ndugu zake?

Hilo ndilo swali letu la leo. Kwa nini yeye, na si ndugu zake? Na mtaani majibu hayakosekani. Amerogwa. Kuna mahali alipita asipopaswa kupita. Ni deni la ukoo lililomfikia yeye. Wengine watanong'ona kwamba ni saratani ya damu, mpigieni hesabu za mwisho. Wasikilizaji wangu, nasema kwa sauti ili asikie hata aliye jikoni: ugonjwa huu si uchawi, si laana, na si saratani. Na tena una tiba. Jibu la swali la mama huyu lipo, angalau sehemu yake kubwa, na limo ndani ya jeni za kinga ya mwili. Twende nalo polepole.

Kwanza tujue uboho unafanya nini. Chembe nyekundu ya damu, ile inayobeba hewa safi, huishi siku 120 hivi kisha hufa. Chembe za kugandisha damu huishi siku 10 hivi tu. Chembe nyeupe nyingi zinazopambana na vijidudu hazimalizi hata siku chache. Kwa hiyo usiku na mchana uboho unazalisha nyingine kujazia pengo. Kazi hiyo inaanzwa na seli chache sana ambazo tutaziita seli mama. Zikitoweka hizo, hakuna wa kuzaa. Chembe nyekundu zikipungua, mtu anachoka na kuwa mweupe viganjani. Za kugandisha zikipungua, anavuja damu. Nyeupe zikipungua, homa ndogo tu inaweza kumwondoa.

Na hapo mtaona kwa nini vidonge vya madini ya chuma havikumsaidia yule msichana. Chuma ni kiungo cha kutengenezea damu; aliyekosekana ni mtengenezaji mwenyewe.

Swali la pili: seli mama zilikwenda wapi? Mwaka 1888, huko Ujerumani, daktari Paul Ehrlich aliandika juu ya mwanamke kijana mjamzito aliyefariki akiwa amekwisha damu. Alipofungua mifupa yake akakuta uboho umekuwa wa manjano, mafuta matupu. Tangu siku hizo, kwa miaka karibu themanini, madaktari wengi waliamini kwamba seli mama zimeuawa na sumu fulani, basi. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Miaka ya 1950 ilionekana wazi kwamba dawa ya kloramfenikoli, ambayo hata hapa kwetu imetumika sana, huweza kuangusha uboho wa mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu wanaoimeza. Kemikali ya benzini nayo ilijulikana kuwa adui wa uboho. Lakini swali la mama wa Rukanga linarudi palepale: watu makumi ya maelfu wamemeza dawa ileile, kwa nini aanguke mmoja?

Mwanga ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Mwaka 1970, huko Paris, daktari Georges Mathé alikuwa akijaribu kuwapandikiza wagonjwa hawa uboho wa watu wengine. Uboho aliokuwa nao haukulingana na wa wagonjwa, kwa hiyo aliwapa kwanza dawa ya kuzima kinga ya mwili, ili mwili usiukatae uboho mgeni. Uboho mgeni ukakataa kushika hata hivyo. Ungetegemea wagonjwa wafe. Badala yake baadhi yao uboho wao wenyewe ukaamka ukaanza kuzaa damu tena! Dawa iliyotolewa kama maandalizi tu ndiyo iliyoponya. Baadaye, miaka ya 1970 hiyohiyo, Bruno Speck na wenzake kule Basel, Uswisi, walionyesha jambo hilohilo kwa wagonjwa zaidi.

Mnaona maana yake? Ukizima kinga ya mwili, uboho unafufuka. Basi aliyekuwa akiukandamiza ni nani? Ni kinga yenyewe.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa mapacha wa kufanana. Pacha mmoja ameugua, mwenzake ni mzima. Uboho wao ni uleule, hakuna cha kukataana. Unachukua uboho wa mzima unampa mgonjwa, tu, bila maandalizi. Kwa baadhi ya wagonjwa ulishika, wakapona. Lakini kwa wengine wengi uboho ule mpya nao uliharibiwa kama wa kwanza, mpaka walipozimwa kinga kwanza ndipo ukashika. Maana yake kulikuwa na kitu ndani ya mwili kinauvizia.

Kwa hiyo shikeni jambo la kwanza, nami nitalirudia: kwa wagonjwa wengi wa aina hii, askari wa mwili wenyewe wamezigeukia seli mama na kuziua. Askari hao wanaitwa seli T. Kazi yao ya kila siku ni njema kabisa. Wao ndio wanaoua seli zilizoingiliwa na virusi. Sasa wamekosea adui.

Wamekoseaje? Hapa ndipo tunaingia kwenye jeni, na naomba mnisikilize kwa makini kidogo.

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba nje yake kitu kama sinia. Juu ya sinia hilo seli inaweka vipande vidogo vidogo vya vile vitu vilivyomo ndani yake, kama mtu anayepanga bidhaa zake nje ili kila mpita njia azione. Askari wanapita, wanatazama. Wakiona vipande vya kawaida, wanaendelea na safari. Wakiona kipande cha kirusi, wanaua seli hiyo. Wataalamu wanayaita masinia hayo HLA. Aliyeyavumbua ni Mfaransa Jean Dausset, mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Sasa, masinia hayafanani kati ya mtu na mtu. Jeni zinazoyatengeneza ziko kwenye kromosomu ya 6, na hakuna jeni za binadamu zenye aina nyingi kuliko hizi; ni maelfu kwa maelfu. Sinia la umbo hili hubeba vipande vya aina hii, la umbo lile hubeba vya aina ile. Masinia yako ndiyo yanayoamua askari wako wataona nini. Wewe na jirani yako mkiingiwa na kirusi kilekile, askari wako wataonyeshwa kipande kimoja na askari wake kipande kingine kabisa.

Basi wataalamu wakauliza: wagonjwa wa uboho wana masinia gani? Wakapima katika nchi mbalimbali, Marekani, Japani na kwingineko. Wakakuta sinia moja linaloitwa DR15 linajitokeza kwa wagonjwa mara nyingi kuliko kwa watu wa kawaida. Na tena wenye sinia hilo ndio ambao mara nyingi wanaitikia vizuri dawa za kuzima kinga. Lakini hebu tusiogopane. Watu wengi sana duniani wana DR15 na watakufa wazee wakiwa na uboho wao mzima. Sinia peke yake halileti ugonjwa. Linafungua mlango, lazima kitu kingine kiingie. Kwa wengine kitu hicho hufuata homa ya ini, miezi michache baada ya macho kuwa manjano. Kwa wengine ni dawa. Huko Thailand, ambako ugonjwa huu hupatikana zaidi kuliko Ulaya, walioishi vijijini na kushika dawa za kunyunyizia mimea walionekana kuwa hatarini zaidi. Kwa wagonjwa walio wengi, ukweli ni kwamba chanzo hakipatikani kabisa, na daktari anayekwambia hivyo anakwambia kweli.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka Japani mwaka 2011, kwa watafiti wa Kanazawa na wenzao. Huu nitaukalia kidogo.

Walichukua damu ya wagonjwa wakachunguza kromosomu ya 6 katika chembe zao. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kromosomu hiyo, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama, kwa hiyo tuna seti mbili za masinia. Kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya wanane walikuta jambo la ajabu: sehemu ya chembe za damu yake zilikuwa zimepoteza seti moja ya masinia. Mwili mwingine wote una seti mbili, lakini chembe hizi za damu zina moja. Tena iliyopotea haikuwa yoyote tu. Masinia fulani yalikuwa yakipotea mara kwa mara kuliko mengine, na huko Japani lililoongoza linaitwa B4002.

Fikirini maana yake. Askari wanazunguka wakiua kila seli mama inayoonyesha kipande fulani juu ya sinia fulani. Kwa bahati, seli mama moja inafanya kosa wakati wa kugawanyika, inapoteza lile sinia. Askari wanapita, hawaoni kitu, wanaiacha. Seli hiyo inaishi, inazaa, na watoto wake wote hawana sinia lile. Ukija baadaye kupima damu, unakuta waliosalia ni wazao wa yule aliyelitupa sinia. Na sinia waliloacha linakuonyesha kwa kidole: hapa, kwenye sinia hili, ndipo askari walipokuwa wakipiga. Watafiti wa Marekani nao baadaye walikuta masinia yaliyopotea kwa wagonjwa wao, baadhi yaleyale, baadhi tofauti.

Mimi nikifikiria jambo hilo napata heshima mpya kwa mwili wa binadamu. Hata wakati wa kushambuliwa na wa kwake wenyewe, unatafuta njia ya kuendelea kuzaa damu.

Sasa wazee wangu wa Rukanga mtaniuliza: kama masinia haya yanaweza kutuletea balaa, kwa nini tumepewa? Jibu liko karibu na nyumbani. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba watoto wenye sinia la B53, ambalo ni la kawaida Afrika Magharibi, walikingika kwa kiasi na malaria kali. Na hapa Kenya, mtaa wa Majengo, Pumwani, Nairobi, tangu miaka ya 1980 walifuatiliwa wanawake waliokuwa wakikutana na virusi vya Ukimwi mara nyingi mno, na bado wachache wao hawakuambukizwa. Masinia ya aina fulani yalionekana zaidi kwa hao waliosalimika. Kwa hiyo tumerithi masinia ya watu waliopona tauni, homa na malaria za zamani. Na kwa kuwa binadamu ameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko bara lolote, masinia ya Afrika ndiyo yenye aina nyingi zaidi duniani. Hata humu Kenya, walipopimwa Waluo na Wanandi, walionekana kutofautiana.

Hapo pana baraka na pana mtihani. Mtihani wake ni huu.

Tiba kubwa za ugonjwa wetu ziko mbili. Ya kwanza ni kuzima wale askari kwa dawa. Kuna dawa inayotengenezwa kutokana na damu ya farasi, inaitwa ATG, pamoja na vidonge vya siklosporini, na siku hizi huongezwa kidonge cha eltrombopagi kinachochochea seli mama. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa huitikia hata bila hicho kidonge cha tatu. Ya pili ni kupandikizwa uboho mpya. Kwa kijana aliyezidiwa, kama yule msichana wetu, mwenye ndugu anayelingana naye, upandikizaji ndio huchaguliwa kwanza, na katika hospitali zenye uzoefu walio wengi sana hupona.

Anayelingana naye kwa nini? Kwa masinia. Masinia yaleyale tuliyokuwa tukiyazungumza! Uboho wa mtu mwenye masinia tofauti, askari wa upande mmoja watapigana na upande wa pili.

Na sasa tumwangalie tena mama mwenye watoto sita. Baba ana seti mbili za masinia, mama ana seti mbili. Kila mtoto huchukua seti moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo kuna njia nne tu za kuchanganya. Kila ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Moja kati ya nne kwa kila ndugu. Mgonjwa mwenye ndugu watano, kama huyu wetu, ana nafasi kama robo tatu ya kumpata angalau mmoja anayelingana naye. Ndugu wa baba mmoja lakini mama mbalimbali, au binamu, ni nadra kulingana kabisa. Baba na mama wenyewe kwa kawaida wanalingana nusu, na siku hizi hata uboho wa nusu unaweza kutumika, kwa mbinu iliyokuzwa hasa Baltimore, Marekani. Lakini ni kazi ngumu zaidi.

Na kuna jambo watu huchanganya kila siku. Kulingana masinia si kundi la damu. Usiseme, mimi ni O na yeye ni A, basi mimi sifai. Waweza kuwa kundi tofauti na bado masinia yenu yakawa sawasawa. Na waweza kuwa kundi moja na msilingane hata kidogo. Kundi la damu ni kipimo kingine, masinia ni kipimo kingine.

Asiyepata ndugu huenda kutafuta kwenye madaftari ya watu waliojitolea, yale makubwa ya Marekani na Ulaya. Hapo ndipo utajiri wetu wa masinia unapogeuka kuwa shida. Hesabu zilizochapishwa Marekani mwaka 2014 zilionyesha kwamba Mzungu wa asili ya Ulaya ana nafasi ya 75 kati ya 100 ya kupata anayelingana naye kabisa kwenye daftari lao. Mwafrika? Nafasi 18. Sababu ni mbili: aina zetu ni nyingi, na waliojiandikisha wenye asili yetu ni wachache. Afrika Kusini wanalo daftari lao tangu 1991. Afrika Mashariki tunahitaji letu lenye watu wengi, lenye Wataita, Wakamba, Wadigo, Wapokomo, Waswahili, Wachaga, kwa sababu ni nadra mtu wa Marekani au Ulaya kuwa na masinia ya mtu wa Kasigau. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu si jambo la mitambo ya ajabu. Kujiandikisha ni kupanguswa mate ndani ya shavu au kutoa damu kidogo. Na upandikizaji wenyewe umeanza kusogea karibu; jirani zetu wa Tanzania, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 walianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu, uboho wa ndugu zao.

Sasa nazungumza na familia. Nimeona namna tunavyofanya. Mtu akiambiwa uboho umekufa, kesho yake kuna kamati ya harambee, kuna kundi la WhatsApp, kuna namba ya kutuma pesa, na watu wanataja kwenda kutibiwa India. Moyo huo ni mzuri na usife. Lakini ninaomba jambo moja litangulie: pimeni ndugu kwanza. Kipimo cha masinia ni kilekile wanachofanyiwa wanaopandikizwa figo, kwa hiyo Nairobi kinafahamika. Mkijua nani analingana, mtajua mnachangia nini: upandikizaji au dawa za kuzima kinga. Hizo ni bajeti mbili tofauti na safari mbili tofauti. Msikusanye pesa gizani. Na yule ndugu aliye Nairobi kibaruani, na yule aliyeolewa Malindi, wote waitwe, kwa sababu hujui ni nani kati yao aliyechukua seti ileile.

Jambo jingine ambalo linaweza kumuumiza mgonjwa bila mtu kujua. Wakati anasubiri, mgonjwa atahitaji kuongezewa damu. Sisi tumezoea hospitali kusema, leteni ndugu watoe damu. Kutoa damu iende kwenye benki kujazia iliyotumika, hakuna ubaya, toeni kwa wingi. Lakini damu ya kaka au dada isiingie moja kwa moja kwa mgonjwa anayetarajia kupandikizwa uboho wao, kama inaweza kuepukwa. Kwa nini? Kwa sababu askari wa mgonjwa watazijua mapema chembe za ndugu huyo na kujifunza kuzikataa, na siku ya uboho kuja wanausubiri mlangoni. Mwambieni daktari wazi kwamba mnatarajia kupima ndugu. Ni neno dogo la kusema, na linaweza kuokoa nafasi ya pekee aliyo nayo.

Na kwa nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnaopita nyumba hadi nyumba: mtu akichoka, akawa anavuja damu kwenye ufizi au puani, na ana homa zisizoisha, msiishie kwenye malaria na vidonge vya chuma. Hemogramu nzima. Zikiwa chini zote tatu, chembe nyekundu, nyeupe na za kugandisha, huyo asilale kijijini akisubiri gari la juma lijalo. Homa kwa mtu asiye na chembe nyeupe ni dharura ya siku hiyohiyo.

Nikiwa nakaribia kumaliza, najua kuna swali ambalo mama hatalisema mbele za watu. Je, binti yangu atawarithisha watoto wake ugonjwa huu? Wapo wachache waliozaliwa na kasoro ya jeni inayoangusha uboho. Ule ugonjwa wa Fanconi wa watoto ni mmojawapo, na madaktari huutafuta hasa kwa mgonjwa mdogo au mwenye jamaa mwingine aliyeugua vilevile. Lakini huu tuliouzungumza leo, wa askari kukosea adui, haurithiwi. Mtoto wake atachukua nusu ya masinia yake, kama yeye alivyochukua nusu ya masinia yako wewe mama, na wewe ni mzima. Hakuna sababu ya mchumba kukimbia, wala ya ukoo kumnyooshea mtu kidole.

Wenye maswali yaandikeni mkayaache kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, au pigeni simu saa ya kipindi, tutayajibu juma lijalo, na nitakuja na mtaalamu wa maabara atueleze hatua kwa hatua ndugu anavyopimwa.